Mwaka Tuliotoa Mbegu Zote

Habari zenu, mama zangu na dada zangu. Na nyinyi wanaume mliokaa karibu na mlango kama watu waliofuata chai tu, nawasalimu pia, chai iko njiani. Mwenyekiti ameniomba niseme maneno machache kabla hatujagawa mbegu. Nimemwambia maneno yangu si machache. Amesema basi nije mbele, ndiyo maana mnaniona hapa.

Nitasema nikiwa nimesimama. Jambo hili nikilisema nimekaa litanikaba.

Mnajua kilichonileta. Wiki iliyopita, tukichimba mitaro kule bondeni, dada mmoja aliuliza kama kuna haja ya kupanda msimu huu, kwa sababu kuna mtu kule mjini Machakos anasema dunia haitafika Pasaka. Wengi walicheka. Mimi sikucheka. Na niliona kuna wengine hawakucheka, waliinamia jembe wakaendelea kuchimba kana kwamba hawajasikia. Sisi ambao hatukucheka tunajuana. Tulikuwa kwenye banda moja, ule mwaka wa kuelekea elfu mbili.

Sitataja jina la mtu leo. Msigeuze shingo kuangaliana. Jina moja tu nitalitaja, kwa sababu ni haki yangu kulitaja, nalo ni Mwende, msichana wangu. Nyote mnaniita Mama Mwende, na nyinyi mlioolewa hapa Kalama juzi juzi lazima mmejiuliza huyo Mwende yuko wapi, mbona hata likizo haji. Mwende alifariki kabla hajaanza shule. Ilikuwa malaria, baada ya zile mvua za El Nino zilizobomoa mitaro yetu na kuacha maji yamesimama kila mahali. Aliugua Jumatano, na Jumamosi tukamzika.

Siku ile ya kumzika kulikuwa na mwanamke mmoja aliyenishika. Tuliolewa kijiji hiki mwaka mmoja, yeye na mimi. Tulikuwa kwenye mwethya mmoja, kikundi cha kusaidiana kazi, wiki hii tunachimba mitaro ya shamba langu, wiki ijayo ya shamba lake. Mtoto wake akilia na mimi niko karibu, nilimpa titi. Huyo ndiye aliyemwosha Mwende wangu, kwa sababu mimi mikono ilikataa. Nawaambia haya mapema ili mjue ni mtu wa aina gani. Mgeni angenitendea yale aliyonitendea, ningekuwa nimesahau zamani.

Baada ya msiba ikaja njaa. Mvua ziliponyesha kupita kiasi zikageuka zikakataa kabisa, na sisi tukaanza kuchimba upya mitaro iliyobomoka, kwenye udongo mgumu, tumbo tupu. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye kiwanda kule Athi River, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimechoka. Sisemi uchovu wa kazi, huo ukilala unaisha. Nasema ule wa kuamka asubuhi na kuona hiyo siku nzima imesimama mbele yako.

Hapo ndipo mhubiri alipokuja. Alitoka upande wa Kangundo, mtu mrefu, sauti nzuri, viatu safi hata wakati wa vumbi. Alikodisha banda la mabati pale juu ya soko, lile ambalo zamani lilikuwa la kuwekea mahindi. Hakupiga kelele kama wengine. Alikuwa anafungua Biblia, anasoma pole pole, halafu anauliza, "Si mmeona wenyewe?" Nasi tulikuwa tumeona. Mafuriko tumeyaona, ukame tumeuona. Watoto tumezika. Hata redio ilikuwa inasema kwamba mwaka ukigeuka kompyuta za dunia nzima zitachanganyikiwa, ndege zianguke, stima zizime. Sisi hapa Kalama hatukuwa na kompyuta wala stima, lakini tuliogopa kwa niaba ya wenye navyo.

Alisema mwisho ni siku ya mwisho ya mwaka, jua likitua.

Ndugu zangu, nawaambia, watu wakisikia habari zetu husema tulikuwa wajinga. Hata waume wenu mnaowaona hapo mlangoni wamewahi kusema. Lakini kati yetu kulikuwa na mwalimu. Kulikuwa na mama aliyeendesha duka zima kwa akili yake mwenyewe miaka mingi bila kudanganywa na mtu. Hatukuamini kwa sababu hatukuwa na akili. Mtu aliyechoka ukimwambia kazi inaisha Ijumaa hii, hakuulizi nani ameamua. Anashukuru tu. Na mimi juu ya uchovu nilikuwa na jambo langu lingine. Mhubiri alisema siku ile makaburi yatafunguka.

Rafiki yangu ndiye aliyenieleza hilo kwanza, kabla sijaingia kwenye banda hata mara moja. Tulikuwa kisimani. Aliweka mtungi chini, akanishika bega, akasema, "Mama Mwende, utamwona kabla mwaka haujaisha. Atakuja akikuita." Niliangusha mtungi wangu. Sasa niambieni, mtu aliyemwosha mtoto wako akikuambia mtoto huyo anarudi, utaanza kumuuliza maswali? Mimi sikuuliza. Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye banda, kiti cha mbele.

Sasa nije kwenye mbegu.

Wale wageni kwetu huenda hawajui. Siku nilipoletwa hapa kama bibi arusi, mama mkwe wangu hakunipa sufuria wala blanketi. Alinishika mikono yote miwili akanitilia kunde viganja tele, zile nyekundu zenye jicho jeusi, akanifunga vidole kwa vidole vyake. Akaniangalia mpaka nikainua macho nikamwangalia. Akasema, "Hizi nilipewa na mama mkwe wangu. Ukizimaliza hizi, umetumaliza sisi." Mbegu katika boma lile hazikurushiwa mtu wala kutumwa kwa mtoto. Zilitiwa mkononi, na macho yaangaliane. Yeye aliaga dunia kabla ya Mwende, na kila msimu nilivuna, nikachagua zilizo nzuri, nikachanganya na majivu, nikatia kwenye kibuyu, nikaning'iniza juu ya moshi wa jikoni. Katika njaa zote hatukuwahi kukigusa kibuyu kile. Tumekula majani. Tumekula mahindi ya manjano ya msaada. Kibuyu kilibaki juu.

Mwezi wa kumi ulipofika, watu wakiwa wanatayarisha mashamba kungoja mvua ya Novemba, mhubiri alisimama akasema kupanda ni kukana. Mimi nakumbuka alivyosema. "Utakayepanda leo utavuna lini? Si Februari? Na Februari iko wapi? Anayepanda sasa anamwambia Bwana kwa jembe lake kwamba hatakuja." Halafu akasema kila nyumba ilete mbegu zake zote, tuzipike pamoja, tuzile pamoja, tubaki mikono mitupu tukingoja. Aliiita karamu ya imani.

Kuna mtu alijaribu kuuliza kama anaweza kubakisha kidogo. Tulimgeukia sote, sisi wenyewe, si mhubiri. Yule mama alikaa chini akaficha uso kwa leso.

Na wa kupika alikuwa nani? Rafiki yangu. Alijitolea, na kila mtu akafurahi kwa sababu alikuwa na sufuria kubwa ya harusi na mkono mzuri wa kupika. Ijumaa jioni tulipeleka mbegu kwake. Nilishusha kibuyu changu, kimejaa masizi, nikakibeba kama mtoto. Nilimtilia kunde mkononi. Mikono miwili, kama nilivyofundishwa. Nikataka tuangaliane kwa sababu ndiyo desturi niliyolelewa nayo. Yeye alikuwa anaangalia chini, anaangalia kunde. Nilidhani ni unyenyekevu.

Jumapili tukala. Isyo tele, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, sufuria inatoa mvuke, watu wakiimba. Nilipewa bakuli langu. Nikatafuta kunde zangu, nataka kuzila za mwisho kwa macho wazi. Nikaona mahindi ya manjano. Nikaona maharagwe ya kawaida, yale ya sokoni. Na mchuzi, ndugu zangu, mchuzi ulikuwa mweupe. Kila mwanamke hapa anajua kunde nyekundu hupaka mchuzi mpaka ukafanana na chai ya rangi. Nilimwendea nikamuuliza. Alisema, "Zilipasuka zote, zilichemka sana." Nikasema sawa.

Nilisema sawa! Mimi niliyepika kunde hizo tangu niolewe. Macho yaliona, ulimi ulionja, na bado niliona afadhali kumwamini yeye kuliko kuyaamini macho yangu. Kwa sababu kama mchuzi ulikuwa wa uongo, kwenye banda lile kungebaki nini cha kweli? Na Mwende angerudi na nani? Nikala bakuli lote nikaongezwa.

Mume wangu alikuja mwisho wa mwezi. Alipita shambani kabla ya kuingia nyumbani, akaniuliza, "Mbegu ziko wapi?" Nikamwambia tumezila. Aliweka begi chini akakaa juu ya begi, pale pale uani. Nilingoja matusi. Nikamwambia Mwende anarudi. Alikaa pale mpaka kuku wakaanza kumzoea, halafu akasema, "Basi tumngoje." Mtu wa kiwanda, mtu wa kufunga na kufungua mashine, ambaye hajawahi kukanyaga lile banda. Naye alimtaka mtoto wake.

Mvua ikanyesha. Si nyingi, lakini ilikuwa mvua ya kunde kabisa, ile inayoingia taratibu. Ilinyesha kwenye mashamba yetu matupu, na sisi tukakaa milangoni tunaiangalia. Majirani walipanda, walipalilia, walipita na majembe yao wakatusalimu kwa huruma. Tulikuwa tunawahurumia pia. Kuna mzee mmoja wa banda letu aliyeipaka nyumba yake chokaa upya ili Bwana aikute safi, na mvua ikaiosha chokaa yote, akaipaka tena. Mnacheka. Chekeni, hata yeye siku hizi anacheka.

Siku ya mwisho ya mwaka nilitoa gauni la Mwende sandukuni. La njano, lenye vifungo mbele. Nililipiga pasi ya makaa, nikalikunja, nikalifunga kwenye leso. Niliwaza kwamba mtoto hawezi kutoka kaburini akapita mbele za watu bila nguo. Tulikusanyika pale juu mchana wote. Jua lilipoanza kushuka tukasimama. Rafiki yangu alikuwa upande wangu wa kulia, amenishika mkono kwa nguvu, vidole vimeingiliana. Aliona nilichobeba. Aliuliza ni nini nikamwonyesha kipande cha njano. Akalia. Nami nilifikiri tunalia kilio kimoja.

Jua likatua. Mbuzi wakalia kama kila siku. Chini sokoni mtu akafungua redio, wimbo ukapanda mpaka kwetu. Tulisimama tu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukaa. Mhubiri alisema anapanda kilimani kuomba apewe maelezo, akachukua Biblia yake na koti. Mpaka leo hajashuka. Baadaye tulisikia kwamba kahawa yake kule kwao Kangundo ilikuwa imepaliliwa Desemba yote.

Sitawaeleza nilivyorudi nyumbani na gauni lile.

Januari ilikuwa ya aibu. Tulipishana njiani bila kusalimiana. Rafiki yangu aliondoka mapema, akasema mama yake mzazi ni mgonjwa upande wa Ndithini, kule Masinga. Wake mliotoka huko mko wengi hapa, kwa hivyo msianze kuhesabu. Nilikaa na aibu yangu wiki kadhaa, halafu nikamwaza yeye. Nikasema, maskini, yeye ndiye aliyetuita, yeye ndiye aliyepika. Lazima anajiona ametuua sote. Nikaogopa asije akajidhuru. Niliomba nauli kwa mume wangu, nikachukua papai moja lililokuwa limebaki kwenye mpapai, nikafunga safari ya kwenda kumfariji.

Nilifika jua likiwa kali. Nyumbani hapakuwa na mtu, lakini nyuma ya nyumba nikaona kikongwe ameinama shambani anavuna. Hakuwa mgonjwa hata kidogo. Nikamsalimu kama mama yangu, "Mwaitu, hujambo?" Akajibu bila kuacha kuchuma. Aliniambia binti yake amekwenda mtoni kuteka maji. Mnajua huwezi kukaa kivulini mama mzee akiwa kazini. Niliweka papai chini nikainama karibu naye tukaendelea kuchuma.

Ganda la kwanza sikuliangalia. La pili lilipasuka mkononi mwangu. Zilikuwa nyekundu, na jicho jeusi.

Nilifungua lingine, na lingine. Kikongwe akasema, "Usizipasue hapa, mwanangu, zitamwagika." Nikainua kichwa nikaangalia shamba lote. Pale mtaro wa juu kulikuwa na ndengu zile za majani mapana za yule mama aliyeficha uso kwa leso. Upande wa pili yalikuwa mahindi mafupi ya mama wa duka, ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Nilitembea ndani ya shamba lile nikimwona kila mwanamke wa banda letu, mstari kwa mstari, wamesimama wazima, na nyumbani watoto wao wanakunywa uji wa maji.

Nikarudi kwa kikongwe. Nilimuuliza mbegu hizi alizitoa wapi. Alifurahi kuulizwa. Akasema binti yake alizileta kwa gunia mwezi wa kumi, kutoka chama cha kina mama wa Kalama, akamhimiza azipande upesi kabla mvua haijaanza. "Kina mama wa huko wana mbegu nzuri," akasema. "Mungu awabariki." Akaniuliza mimi naitwa nani. Nikamwambia Mama Mwende. Akauliza, "Na Mwende hajambo?"

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia Mwende alifariki. Yeye hakusema pole. Alinyoosha mgongo pole pole, akaenda kwenye kikapu chake, akachota kunde zilizokwisha kauka, akanishika mikono akanitilia viganja tele. Akanifunga vidole. Akasema, "Upande na wewe. Shamba husaidia." Na akaniangalia, ndugu zangu. Yule mama hakujua chochote, na aliniangalia mpaka nikamwangalia.

Nililia machozi yangu yote pale. Nilimwambia asante. Nilisema asante kwa kunde zangu mwenyewe, kunde za mama mkwe wangu, na asante ile ilitoka moyoni.

Rafiki yangu alitokea na mtungi mgongoni. Aliniona, akaona mikono yangu, akasimama pale pale. Hakuutua mtungi.

"Mama Mwende," akasema.

"Usiniite hivyo."

"Nilitaka kuwarudishia. Nilikuwa nangoja zikauke."

"Ulikuwa unaamini?" nikamuuliza. "Niambie hilo tu."

Alifikiri. Sitamwongezea wala kumpunguzia, alifikiri kweli. "Jumapili niliamini," akasema. "Jumatatu nikiwaona watoto, siamini. Nikaona dunia isipoisha, lazima mmoja wetu awe na kitu."

"Sasa mbona mmoja huyo awe wewe? Mbona hukuninong'oneza? Tulikuwa pamoja kila siku. Ulinishika mkono jua likitua, na unajua shamba hili liko hapa limeota!"

Akasema, "Ningekuambia nini? Kwamba Mwende haji?"

Mpaka leo, ndugu zangu, sijui kama lile lilikuwa jibu au kisingizio. Nimeligeuza miaka yote hii. Siku nyingine naona alinihurumia. Siku nyingine naona alinitumia mtoto wangu kama mtu anavyotumia ufunguo. Pale shambani niliinama nikamuaga mama yake kwa heshima, nikafunga kunde kwenye pembe ya leso, nikaondoka. Papai nililiacha.

Nilipofika nyumbani nilimwonyesha mume wangu. Alizimimina mezani, akazitawanya kwa kidole, akasema tu, "Tafuta kibuyu." Na hapo ndipo nilipoanza kuinuka, ingawa kwa nje mambo yalizidi kuwa mabaya. Mwaka wa elfu mbili mnaujua wenyewe, mvua ya Machi ilikataa. Watoto wangu waliobaki waliangalia kile kibuyu juu ya moshi, mimi nikawaangalia wao, tukala tulichopata kwa watu. Sikuzipika. Zamani nilizitunza kwa sababu niliambiwa. Mwaka ule nilizitunza kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira ilinisaidia kuliko nilivyotegemea. Oktoba nikapanda. Februari nikavuna.

Kitu cha kwanza nilichofanya na mavuno yale, nilikwenda kwa yule mama wa leso, yule tuliyemgeukia. Nilimtilia kunde mkononi nikamwambia alikuwa sawa. Yeye akalia, halafu akanicheka, akasema nimekonda kama fimbo. Yeye ndiye aliyesema tusiweke tena mbegu zetu chini ya mtu mmoja. Mbegu zangu zikae kwake na kwa jirani mwingine, zake zikae kwangu. Ndugu zangu, chama hiki mnachokiona leo, pamoja na chai yake, kilianzia kwenye mlango wa jikoni wa mama yule. Yuko hapa, na nimeahidi sitataja majina, lakini ndiye anayejifanya anatafuta kitu kwenye mfuko.

Basi dada yangu aliyeuliza kama kuna haja ya kupanda, sikuja kukucheka. Huenda na wewe kuna mtu unamngoja. Mimi namngoja Mwende hata sasa, na naamini nitamwona, siku asiyoijua mtu. Lakini nimejifunza swali moja. Mtu akikuambia dunia inaisha, usibishane naye maandiko, atakushinda. Muulize shamba lake liko wapi, kisha nenda ukalione. Na ukionja mchuzi ukauona mweupe, sema ni mweupe. Sema kwa sauti, hata kama anayepika ni mtu uliyempenda. Hasa kama ni mtu uliyempenda.

Namshukuru mume wangu, aliyekaa juu ya begi na hajanitupia maneno hata siku moja. Nawashukuru majirani waliotulisha bila kutukumbusha. Yule kikongwe wa Ndithini ametangulia sasa. Hakuwahi kujua alinirudishia nini, na sikutaka ajue, kwa sababu angeniomba msamaha na hakuwa na kosa.

Sasa tugawe. Kila mkebe hapo mezani una jina la mtu, mtaitwa mmoja mmoja, na mimi nitawatilia mkononi. Mkebe mmoja hauna jina. Umekuwa hapo kila Oktoba tangu chama kianze, kunde nyekundu za jicho jeusi, na kila Oktoba narudi nao nyumbani. Mwenyewe anajua, alirudi zamani kwa mume wake hapa Kalama. Tunasalimiana njiani, tunaulizana habari za watoto, tunakaa kwenye matanga safu moja. Lakini kwenye meza hii hajawahi kufika. Sijamsamehe vizuri, sitawadanganya mbele ya mbegu. Najua tu kwamba kwenye shamba la mama yake niliangaliwa machoni, na kwamba yeye hajaniangalia machoni tangu Ijumaa ile nilipompelekea kibuyu.

Nitawamaliza nyinyi wote kwanza. Halafu nitabaki nimesimama hapa, na mikono yangu imejaa.